Silabi Iliyozama

Mwalimu Cibalonza alichora visanduku viwili ubaoni
kwa chaki iliyobaki fupi kama jino la mtoto:
mtumaji huku, mpokeaji kule,
katikati mshale mmoja umenyooka
kama barabara ambayo Bukavu haijapata kuiona.
"Ujumbe hupita hapa," akasema.
Tukanakili. Umeme ukakatika.
Tukamalizia kwa mwanga wa simu.

Mimi nauza inite Kadutu:
meza moja, mwavuli, simu tatu zilizofungwa kwa mpira.
Kushoto kinyozi na jenereta yake,
kulia mama wa sambaza anayegombana na mizani.
Tangu asubuhi maneno ya watu hupita mikononi mwangu:
mwambie mtoto amelazwa,
mwambie unga umefika,
mwambie sijamkasirikia. Hapana, hilo usiseme.

Ijumaa ile akaja baba mkubwa Bahizire.
Miaka kumi na mmoja hajatamka jina la dada yake,
tangu ugomvi wa shamba la kahawa kule Idjwi.
Akahesabu noti, akazihesabu tena.
"Mpigie Mugisho wa gatini. Amwambie Nabintu
asije harusini kesho. Ziwa limenuna."
Nikatazama: juu ya maji mawingu yalikuwa meusi kweli.
Ila sikujua ni ziwa lipi analolisema.

Nikapiga. Jenereta ikakohoa, ikashika, ikanguruma.
"Nabintu! Asije! Umesikia? Asije!"
"Sawa! Sawa!" akajibu Mugisho,
na laini ikakata. Inite zimekwisha,
mimi, muuza inite.
Sawa, nimejifunza tangu hapo, si jibu.
Ni mlango unaofungwa taratibu.

Silabi moja, *si*,
nyembamba kuliko mfupa wa sambaza,
ilianguka mahali fulani kati ya Kadutu na Idjwi
ikazama.
Ng'ambo ikafika *aje*.

Shangazi alitokea saa nane mchana,
kitenge kimemganda mwilini,
ametapika mara nne njiani, kikapu cha mananasi kichwani,
midomo inatetemeka, na si kwa baridi tu.
"Amesema nije," akawaambia waliosimama mlangoni,
mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.
"Kaka yangu mwenyewe. Amesema nije."

Baba mkubwa akatoka na glasi mkononi.
Akamtazama yeye. Akanitazama mimi.
Nikaangalia viatu vyangu.
Ningeweza kusema: ni jenereta, ni laini, ni mimi.
Sikusema, na kunyamaza kwangu
kulifika salama kuliko ujumbe wowote niliowahi kutuma.

Akapokea kile kikapu.
"Mananasi ya wapi haya?" akauliza,
kama kwamba hakukulia kwayo.
Wakaingia ndani. Spika zilikuwa juu, sikusikia zaidi.

Jumatatu mwalimu akauliza:
kelele ni nini katika mawasiliano?
Nikaandika: *jenereta ya kinyozi*.
Nikafuta. Nikaandika: *shamba la kahawa*.
Nikaliacha hivyo, nikijua alama sitapata.
Ndipo akaongeza mshale wa pili, unaorudi,
akaupinda kidogo kwa sababu nafasi ilikuwa imebana.

Siku hizi sikati simu kabla ya kusema: rudia nilichokuambia.
Wateja wanalalamika kwamba nakula inite zao.
Nawaambia *si* ni ya bei kuliko inite.
Hawaelewi, nami sifafanui.

Wiki iliyopita baba mkubwa alirudi mezani.
Akaomba simu, akasema namba atabonyeza mwenyewe.
Nikamsihi kinyozi azime jenereta;
akakataa, kichwa cha mteja kilikuwa nusu.
Basi mzee akavuka barabara na simu yangu,
kidole kimoja sikioni, matope hadi kifundoni,
akipaza sauti katikati ya pikipiki:
"Nabintu? Nabintu? Unanisikia?
Ni mimi."